MGB au Datsun 240Z? Kabla hujatoa pesa, piga magoti uangalie chini ya gari

Kila baada ya maonyesho ya magari ya zamani pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, napokea simu za watu walioshikwa. Mtu amezunguka nusu siku kati ya magari yaliyong'arishwa mpaka kwenye vichwa vya skrubu, amerudi nyumbani, usingizi haumjii, na sasa anataka la kwake. Swali lao ni moja: nichukue MGB ya Mwingereza au nitafute Datsun 240Z ya Mjapani? Wachache huongeza la tatu, Mazda MX-5 ya miaka ya mwanzo, na hulitaja kwa sauti ya chini kama wanaoomba radhi.

Mawili ya kwanza nimeyamiliki. La tatu ni la rafiki yangu, na kwa miaka kadhaa mikono iliyolihudumia ni hii yangu. Nitajibu kwa urefu, na sitaficha ninakoegemea.

Z ndiyo iliyonifundisha, na karo yake ilikuwa kubwa. Niliinunua kwa macho: rangi ya chungwa, boneti ndefu, sauti ya silinda sita. Injini iliwaka mara moja tu nilipozungusha ufunguo, na muuzaji akanikabidhi faili nene la risiti. Mwezi wa tatu, nikibadilisha kapeti, bisibisi iliniponyoka, ikapiga sakafu chini ya kiti cha abiria, ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipobandua kapeti lote nilikuta bati limebandikwa juu ya bati, katikati yake lami na magazeti. Rangi ile nzuri ilikuwa imelala juu ya pati, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na nyuma ya pati hapakuwa na chuma. Kwa miaka miwili injini sikuigusa. Pesa yote ilikwenda kwa fundi bodi.

Ndiyo maana sitaanza na nguvu farasi. Injini ya gari la zamani hufufuka. Giaboksi hufufuka, kabureta husafishwa, wayaringi hufumuliwa na kufungwa upya. Kutu ndiyo mauti ya magari haya, kwa sababu hayajengwi juu ya chesi inayojitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Springi, injini na milango vyote vimeshikizwa kwenye mabati hayo hayo yanayooza.

Magari yenyewe kwa ufupi

MGB ilitoka mwaka 1962, ikajengwa Abingdon, Uingereza, hadi Oktoba 1980. Zaidi ya magari nusu milioni yalitengenezwa. Injini yake ni silinda nne, sentimita za ujazo 1,798, nguvu farasi 95 hivi, chuma kitupu kuanzia bloku hadi hedi. Kwanza lilikuwa gari la wazi lenye turubai. Mwaka 1965 ikaja MGB GT, yenye paa la chuma na mlango wa nyuma, umbo lililochorwa kwa mkono wa Pininfarina wa Italia.

Datsun 240Z ilionyeshwa Tokyo Oktoba 1969. Kwao Japani iliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyeongoza kampuni ya Nissan upande wa Marekani, ndiye aliyeipigania, na ilipofika huko iliuzwa dola 3,526, bei iliyowashtua watengenezaji wa Ulaya. Injini yake, L24, ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kamshafti juu ya hedi, nguvu farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha wakati ule. Gari zima lina uzito wa tani moja na ushei tu. Ilidumu hadi 1973, kisha ikafuata 260Z, na baadaye 280Z.

Kwa mwendo hazilingani. MGB hufika kilomita 160 kwa saa na kidogo juu, na inafika huko ikijitahidi. Z inapita hapo bila jasho, na springi zake zinajitegemea kwenye magurudumu yote manne, ilhali MGB nyuma inakaa juu ya springi za mabamba zilizopangwa kama za pikapu. Ukipanda nazo zote mbili siku moja kupitia miteremko ya Bonde la Ufa, Z inateleza juu ya mabonde madogo ya lami, MGB inakuhesabia kila moja. Mwenye kutafuta gari la kuendesha tu, asiyejali kitu kingine, ataishia kuitaka Z, na ninamwelewa.

Kutu: hapa ndipo uamuzi ulipo

Sehemu ya MGB inayoua ni kizingiti, ule mfereji wa chuma unaopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Si bati moja. Lipo la nje unaloliona, lipo la ndani upande wa kapeti, na katikati yake lipo la tatu lililofichwa. Kwenye gari la wazi, ambalo halina paa la kusaidia, mfereji huo ndio uti wa mgongo. Ukioza kwa ndani, bati la nje linaweza kuwa linang'aa kwa rangi na gari linajikunja katikati polepole.

Kuna jaribio moja ambalo sijawahi kuona likidanganya. Funga mlango, utazame mwanya kati ya mlango na bodi. Weka jeki chini ya gari nyuma kidogo ya mlango, nyanyua hadi gurudumu liache ardhi, kisha utazame mwanya tena. Ukibadilika, au mlango ukikataa kufunguka, kizingiti kimekwisha. Ukarabati wa haki unadai kukata pia sehemu ya chini ya bodi nyuma ya gurudumu la mbele, kwa sababu mfereji unapita mpaka huko. Fundi anayekuambia atachomelea bati jipya juu ya la zamani na kumaliza kwa siku mbili, anakuuzia matatizo yale yale kwa mara ya pili.

Sasa lile zuri. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kabisa za MGB kwa kutumia mitambo ile ile ya kiwandani. Bodi nzima, mpya, bila tundu la kutu. Si rahisi kwa pesa, na kuisafirisha hadi Mombasa ni safari, lakini maana yake ni kwamba hakuna kipande cha bati cha MGB ambacho huwezi kukipata kikiwa na umbo sahihi. Fundi wako hachongi kwa kubahatisha.

Z ilitengenezwa kwa bati jembamba na kinga haba, na maji hukaa ndani yake mahali ambapo jicho halifiki. Anza chini ya betri: asidi inayodondoka imekula trei, halafu ikashuka kwenye boriti ya mbele iliyo chini yake, na boriti hiyo ndiyo inayoshika injini na magurudumu. Nenda kwenye mabati ya chini ya kioo cha mbele, ambako majani yaliyokauka huziba njia za maji. Angalia kona iliyo nyuma ya mlango, kabla ya gurudumu la nyuma. Inua kapeti la sakafu, kagua reli mbili zinazopita chini yake. Fungua mlango wa nyuma, pitisha vidole kwenye ukingo wake wa chini, kisha toa tairi la akiba na umulike tochi kwenye kisima chake.

Vipande vya kuchomelea vya Z vipo, na vinaongezeka, lakini kufika kwake ni kwa kuungaunga, kimoja kutoka Marekani, kingine kutoka Australia. Bodi moja iliyooza vizuri inameza pesa kuliko MGB mbili.

Kama unaishi pwani, ongeza uzito wa jambo hili mara mbili. Ami yangu aliweka MGB GT Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila Ijumaa jioni aliiosha kwa maji matamu chini kabla ya juu. Watu walimwona ana wasiwasi wa bure. Gari hilo bado lina sakafu lililotoka nalo Abingdon. Gari lililokaa Nakuru au Nanyuki, kwa kawaida, litakuwa na chuma kizuri kuliko lililokaa Nyali au Msasani, hata kama la Nyali lina rangi mpya. Lililotoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, likague kama lililozama baharini.

Injini na kazi za mwisho wa wiki

Hapa MGB inanipendeza, na ninaisema sifa yake nikijua kuwa injini yake ni ya kizamani hata kwa mwaka 1962. Ni injini ya kujifunzia. Kila kitu kinafikiwa kwa mkono. Kabureta mbili za SU, distribyuta na plagi nne pembeni. Platini, ile swichi ndogo ya cheche ndani ya distribyuta, zinawekwa mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.64, valvu 0.38, na kazi yote hiyo inaisha kabla chai haijapoa. Anayeanza nampa kazi moja tu ya kwanza: kufungua kofia nyeusi juu ya kabureta na kujaza mafuta mepesi, yale ya uzito wa 20, kwenye bomba lililo ndani. Watu wamehangaika na gari linalojikwaa ukikanyaga petroli, wakabadilisha hadi koili, kumbe bomba hilo ni kavu.

Tafuta iliyotengenezwa baada ya Oktoba 1964, kwa kuwa hapo ndipo kranki shafti ilipoanza kushikwa na beringi tano badala ya tatu. Na ukipata ya kuanzia mwisho wa 1967, giaboksi lake litakuruhusu kuingiza gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea, bila kusaga. Unapolijaribu, lipashe moto kweli, nusu saa, kisha tazama kipimo cha presha ya oili. Likitembea, sindano ikae kati ya paundi 50 na 80 kwa inchi ya mraba. Likisimama na kunguruma taratibu, ishuke hadi kati ya 10 na 25. Ikiwa chini ya hapo, tenga pesa ya beringi.

Mbele, kwenye magurudumu, MGB ina pini za kugeuzia zinazotaka grisi kila kilomita elfu tano hivi. Watu wa siku hizi hawana kawaida hiyo, kwa hiyo magari mengi yanayouzwa yana pini zilizokauka. Nyanyua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, bei ishuke.

Injini ya Z ni imara kupita MGB, nami sina ubishi hapo. L24 ikitunziwa oili na maji, hutembea kilomita laki kadhaa. Na hapa kwetu ina faida nyingine: ukoo wake ni mpana. Injini za L zilifungwa kwenye Datsun nyingi za miaka ya 1970, na L28, dada yake mkubwa, ilifungwa hadi kwenye Nissan Patrol. Inaingia kwenye Z bila kukata kitu. Fundi mzee aliyekulia kwenye Datsun hahitaji kitabu akiifungua. Mpangilio wa moto, 1-5-3-6-2-4, anautaja kama nambari ya simu ya nyumbani.

Ugumu wa Z uko kwenye kabureta za modeli ya 1973, zile zenye vichwa bapa, zilizotengenezwa kukidhi kanuni za moshi za Marekani. Kwenye joto na foleni, petroli huchemka ndani yake na gari likagoma kuwaka. Wengi wamezitoa wakarudisha zile za awali zenye vichwa vya mviringo. Ukikuta Z imeshafanyiwa hivyo, usihesabu kuwa ni kasoro.

Jambo moja linazigusa zote mbili. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu. Kwenye Z hedi ni ya alumini na viti vimepandikizwa, kwa hiyo sina hofu nayo sana. Kwenye MGB viti vimechongwa kwenye chuma laini cha hedi yenyewe, na mwendo wa kasi wa muda mrefu unavila. Dalili ni mwanya wa valvu unaozidi kuwa mdogo kila ukipima. Uliza kama hedi imepandikizwa viti vigumu. Ikiwa bado, mpigie hesabu fundi wa mashini kabla ya kutaja bei.

Umeme

Umeme wa MGB umesemwa vibaya kuliko unavyostahili. Wayaringi ni michache, rangi zake zinafuata utaratibu mmoja, na seti nzima mpya inauzwa. Kasoro karibu zote nilizokutana nazo zilikuwa viungio vilivyoshika kutu na nyaya za kuelekea bodi zilizolegea. Karatasi ya msasa na jioni mbili zinatosha. Ila zile zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1967 zina kitu cha hatari: waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Mtu akifunga redio au chaja bila kujua, anaunguza. Na hadi 1974 betri zilikuwa mbili za volti sita, zimefichwa chini ya sakafu nyuma ya viti, mahali ambapo husahauliwa mpaka ziozeshe sakafu kwa asidi. Wengi sasa wanafunga moja ya volti 12.

Kwenye Z, mkondo wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani, bila rilei, yaani swichi ya pembeni ya kubeba mkondo mkubwa. Baada ya miaka hamsini swichi inaungua na boksi la fyuzi linayeyuka. Funga rilei za taa wiki ya kwanza. Ni kazi ndogo, na inaokoa kipande ambacho hukipati kwa urahisi.

Spea, na ule mtihani wa dashibodi

Kwa spea MGB inashinda, na inashinda kwa mbali. Mpira wa dirisha, silinda ya klachi, bushi, kipande cha kromu cha urefu wa kidole, vyote vinatengenezwa hadi leo na kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu au karani anaweza kuilipa kidogo kidogo. Huo ndio uzuri wa gari lililotoka kwa mamia ya maelfu na likapendwa na watu wa kawaida.

Kwa Z, vitu vya injini, breki na klachi havikutesi. Utateswa na vitu vya kuonekana: taa za nyuma, vishikio, plastiki za ndani, na zaidi ya vyote dashibodi. Dashibodi ya Z hupasuka kwa jua, karibu zote. Sehemu kubwa kabisa ya magari haya iliuzwa Marekani, usukani kushoto, kwa hiyo dashibodi nyingi zinazotengenezwa upya ni za huko. Sisi tunaokaa kulia tunawinda kutoka Japani, Australia, Uingereza au Afrika Kusini, na muuzaji anajua tunawinda. Unapokagua Z, dashibodi nzima isiyo na ufa ina thamani kuliko rangi mpya ya nje.

Kitu kingine ambacho wanunuzi hawakijui. Ukiendesha Z na ukasikia harufu ya moshi wa ekzosi ndani, tatizo mara nyingi liko kwenye mipira ya mlango wa nyuma na ya taa za nyuma. Ikichakaa, hewa nyuma ya gari inavuta moshi ndani. Usiipuuze ukaishi na dirisha wazi. Moshi huo unaua. Badilisha mipira yote kwa pamoja.

Jina la Safari

Huwezi kuongea kuhusu Z Afrika Mashariki bila kufika hapa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ndani ya 240Z, na nyuma yao, wa pili, alikuwa Shekhar Mehta ndani ya gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kumaliza pointi sawasawa na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun. Wazee wetu walisimama kando ya barabara za matope wakayaona. Ndiyo sababu mtu wa Kitale au Moshi akiona Z husimama, na akiona MGB huendelea na safari.

Jina hilo lina gharama. Bei ya Z imepanda duniani kote. Januari 2020 moja ya mwaka 1971 iliyotunzwa vizuri mno iliuzwa Marekani dola 310,000. Hiyo ni ya kipekee, lakini imewafanya wauzaji wa hapa waamini kila kibanda chenye Z iliyooza ni hazina. Tena magari yale ya Safari yalikuwa yameimarishwa chini kwa juu. Z ya barabarani uliyoinunua ukaipeleka kwenye murramu kwa mwendo wa Mehta itapasuka pale pale kutu ilipoanzia.

Kwa barabara mbovu kidogo, ajabu ni kwamba MGB ninayoipendekeza ni ile isiyopendwa. Kuanzia mwisho wa 1974 walifunga bampa nyeusi za raba na kuinua gari kwa inchi moja hivi, ili zikidhi sheria za Marekani. Wapenzi wa kromu wanazikwepa, kwa hiyo bei ni ya chini. Inchi ile moja utaishukuru kwenye kila tuta kati ya Voi na Taveta. Kuanzia modeli za 1977 walirekebisha pia mwelekeo wa gari kulala kwenye kona.

Na Mazda?

MX-5 ilitoka 1989, injini ya lita 1.6, nguvu farasi 115 hivi, uzito chini ya tani. Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, usukani kulia, kama tunavyotaka. Ni gari la wazi ambalo linawaka kila asubuhi. Kama unataka kwenda nalo kazini kila siku, nunua hili na usimwombe mtu radhi.

Kagua bodi mbele ya gurudumu la nyuma. Maji ya turubai yana mirija yake, ikiziba yanamwagikia ndani ya kizingiti na kukiozesha. Zile za mwanzoni kabisa, hadi 1991 hivi, zina ncha fupi ya kranki shafti inayoweza kulegea pale puli inapofungwa. Sikiliza injini ikitikisika, na usimruhusu fundi kukaza boliti hiyo kwa kukisia. Rejeta ina kichwa cha plastiki. Kikigeuka kahawia, kibadilishe kabla hakijapasuka njiani. Beliti ya taimingi, kila kilomita laki moja.

Tofauti yake na wale wazee wawili ni kwamba haitakuomba umjue fundi wa kabureta. Wengine wataiona hiyo ni hasara. Mimi naona ni jambo la kuchagua kwa uaminifu.

Kabla ya kuagiza nje

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka minane, Uganda imeweka kikomo cha miaka 15, na Tanzania inaruhusu lakini inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Kanuni na misamaha hubadilika, kwa hiyo keti na wakala wa forodha kabla hujatuma hata shilingi moja. Kwa wengi wetu, gari bora ni lile ambalo tayari lina kadi ya hapa, hata kama limesimama chini ya mwembe. Lililosimama, panga kubadilisha mipira yote ya breki na ya petroli, silinda za breki, na matairi. Usidanganywe na kashata ndefu za tairi. Soma tarakimu nne pembeni yake, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Ningemwambia nani achukue lipi

Kijana mwenye mshahara, mwenye kisanduku cha spana na hamu ya kujifunza: MGB GT, si ya wazi. Paa la chuma linaibeba bodi, mvua haiingii, na bei yake kwa kawaida iko chini ya ya wazi. Atakosea, na makosa yake yatarekebishika kwa pesa ndogo. Hilo ndilo gari ninaloegemea, na ndilo lililoko nyumbani kwangu sasa.

Aliyekwisha kumiliki gari moja la zamani, ana fundi bodi anayemwamini kwa jina, na anaweza kusubiri miaka miwili mitatu mpaka Z yenye chuma kizima ijitokeze: asubiri. Z iliyo nzima haina mshindani kati ya haya. Z ya bei nafuu simshauri mtu yeyote, hata ndugu yangu, kwa sababu niliwahi kuwa nayo.

Siku ya kwenda kukagua, nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiipashe injini kabla hujafika. Chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, jeki na bisibisi. Sumaku ipitishe kwenye kila kona niliyoitaja. Isiposhika, kuna pati. Lala chini, utazame kutoka mbele hadi nyuma kabla hata hujafungua boneti. Kisha omba kuinua kapeti. Muuzaji akikataa, mshukuru kwa chai uondoke. Akikubali, na akainama pamoja nawe akakushikia tochi, bei yake isikilize.